Bado ya Mafundi

Mimi ndiye niliyeufundisha ule mkono. Nalisema hili mwanzo, kabla hamjanihurumia, maana nawajua watu wa mji huu: wakimkuta mzee amekaa peke yake humtilia huruma kwanza, halafu ndiyo wanauliza kafanya nini. Msinitilie. Siku thelathini niliushika ule mkono, au wenyewe ulinishika mimi, sijui tena nani alimshika nani, na kila nilichokijua kuhusu shaba kikanitoka kwenye nyama kikaingia kwenye chuma. Jina langu Shekue. Au hilo sasa ni jina lake. Mpaka leo nikisikia mtu anaita Fundi Shekue nangoja kidogo, nione ni nani atakayeitika.

Mji wetu hauna vioo. Hakuna anayejua kwa nini. Wapo wanaosema vilikatazwa, wapo wanaosema havikuwahi kuwepo. Watu wetu hujitazama kwenye vitu vilivyong'arishwa: sinia, birika, kitasa cha mlango wa jirani. Kwa hiyo sisi wang'arishaji ni watu wakubwa, ingawa hakuna anayetuamkia. Anayetaka kujua kama amezeeka lazima apite kwetu. Kiwandani kuna saa kubwa ya ukutani, nayo tuliing'arisha sisi wenyewe vizuri mno mpaka namba zikaondoka, ikabaki mishale miwili inayozunguka uso mtupu. Ukiuliza saa ngapi unaambiwa ni saa ileile. Nimefanya kazi chini ya saa hiyo miaka arobaini, au siku moja ndefu, siwezi kuapa. Lakini jambo moja nimelijua pale na nitalisema hata mkinicheka: kung'aa ni kupungua. Hakuna kitu kinachoongezewa mng'aro. Unakipunguza. Unaukwangua uso wa jana mpaka utokee uso wa chini yake, na huo nao ni wa leo tu. Vumbi la njano linalokaa kwenye nyusi zangu ni masinia ya watu. Nimepumua masinia, nimekohoa mabirika. Mtu huniletea kitu akasema, Fundi, nirudishie kiwe kipya, na mimi namwitikia, wakati nitakachomrudishia ni kidogo kuliko alichonipa.

Sasa niambieni, kitu huisha lini? Swali hilo limenitafuna maisha yangu yote, na nyinyi mnaweza kuliona dogo. Mkate huisha unapoliwa. Safari huisha unapofika. Lakini sinia? Ukilisugua linang'aa, ukilisugua tena linang'aa zaidi, na zaidi ya hapo ipo, na mbele ya zaidi zote kuna tundu. Mahali fulani kati ya weusi wa jana na lile tundu mkono unapaswa kusimama, na hakuna alama iliyowekwa pale. Marehemu Fundi Chande, aliyenifunza kazi, alikuwa na jibu moja tu. Ukimpelekea kitu ukauliza, Fundi, imekwisha? hujibu, bado. Unarudi kusugua. Unampelekea tena: bado. Mara ya tatu, ya nne, bado, bado. Kisha, kwa sauti ileile, husema bado na huku anakilaza kile kitu kifudifudi juu ya kitambaa, na hapo wewe unajua kazi imetoka. Hiyo ndiyo bado ya mafundi. Bado za kwanza zinakutuma, ile ya mwisho inashukuru. Ulimi unasema vilevile. Mkono ndio unaosema kweli. Neno imekwisha halikutoka vinywani mwetu hata mara moja, kwa sababu, alisema Fundi Chande, kilichokwisha hakina haja tena na mwenyewe, na kumaliza ni kazi ya Mungu. Wageni tuliwatesa kwa hilo. Mtu anauliza kama birika lake limekuwa tayari, unamwambia bado huku unamkabidhi, naye anaduwaa mlangoni hajui aondoke au angoje. Tunamcheka mpaka anakunja kona.

Katika vitu vyote nilivyovisugua, kimoja sikukisugua kwa kazi.

Mwaka ule mlima ulipokaa chini, ndivyo tunavyosema hapa, mlima ulikaa, watu kumi na saba walikuwa tumboni mwake wakichimba shaba. Hakutolewa hata mmoja. Wakubwa wa Ghorofani, wanaoutawala mji, waliagiza bamba la shaba, urefu wake sawa na mlango, yakachongwa majina kumi na saba kwa mpangilio walioingia nao shimoni asubuhi ile, likatundikwa uwanjani. Jina la tisa ni Hatibu Shekue. Mwanangu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na akilala alikoroma kiasi cha kuwaamsha majirani. Hana kaburi. Hakuna nguo yake iliyorudi. Kilichobaki chake duniani ni herufi zile, na kila mwaka herufi zile hushika ukungu wa kijani, na kila mwaka bamba hushushwa likaletwa kwangu. Silipigi gurudumu la kung'arishia. Nalifuta kwa kitambaa cha pamba na kidole kimoja, naizunguka kila herufi kwa adabu, nakaa mbali na kingo zake. Hata hivyo miaka kumi na mmoja ni miaka kumi na mmoja. Mara ya mwisho nilipoipapasa H ya Hatibu niliona imebakiwa na kina cha unene wa ukucha wa mtoto mchanga.

Mke wangu Biubwa hakukubali matanga. Majirani walipokuja siku ile kumpa pole aliwasimamisha mlangoni akawaambia, bado hajarudi. Lisikilizeni vizuri neno hilo. Hakusema atarudi, wala hakusema hatarudi. Tangu hapo akiulizwa habari za Hatibu husema bado, na jikoni hupakua sahani tatu. Nami nikamfuata. Yeye bado, mimi bado. Nilikuwa na hofu moja tu maishani, na naomba muijue tangu sasa: kwamba siku Biubwa atakaposikia neno jingine kutoka kinywani mwangu, ataanguka na hatainuka. Jina lile kwenye bamba na pumzi ya mke wangu, kwangu mimi, vilikuwa kitu kimoja.

Kisha ukaja ule mkono.

Ulikuja ndani ya sanduku la mbao, ukafungwa sakafuni mahali pa kigoda changu. Viungo sita, rangi ya chungwa, na mwishoni, palipostahili kuwa na vidole, gurudumu la kitambaa. Uliletwa na mhandisi kijana, binti mmoja anaitwa Nyamizi, mwenye heshima zake, hakuwasha umeme asubuhi hata siku moja kabla hajaniamkia. Wakubwa wa Ghorofani, alinieleza, wanataka mji mzima ung'ae, na mikono ya watu inachoka. Wenzangu kumi na mmoja wakaambiwa wakapumzike. Mpaka leo wanapumzika. Nikabakishwa mimi, eti nifundishe. Nyamizi akanivika glavu yenye nyaya, akanitia kiganja kwenye kifundo cha ile roboti, akasema, usiuambie kitu, Fundi, wewe sugua tu kama siku zote. Basi nikasugua. Nikisema bado, naongeza nguvu. Nikisema bado tena, naongeza tena. Nao ukajifunza kwamba kila bado ina uzito wake. Jioni Nyamizi huusimamisha kwa kitufe kikubwa chekundu kilichokuwa ubavuni mwake. Siku ya thelathini akanivua glavu, akaupa birika, akauacha peke yake.

Jamani. Nimewahi kuona nyumba ikiungua na watu wamo ndani, lakini sijapata kushtuka vile. Ulikikunja kifundo upande wa kushoto, kama ninavyokikunja mimi tangu nilipokivunja ujanani. Uligonga gurudumu mara mbili pembeni mwa meza kukung'uta vumbi, kama ninavyogonga. Halafu, baada ya kusugua kitambo, ukaliacha birika, ukarudi nyuma, ukatikisika mara mbili, ukaendelea. Nikamuuliza Nyamizi, umeharibika? Akatazama kwenye skrini yake muda mrefu. Kisha akaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, "Ni kikohozi chako, Fundi." Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilikuwa nimesimama mbele yangu, bila nyama, bila njaa, bila mwana aliyepotea, na nilikuwa nafanya kazi vizuri kuliko mimi. Nyamizi alijaribu kukitoa kile kikohozi. Alipokitoa mng'aro ukaharibika, akakirudisha.

Siku hiyohiyo tukazungumza habari ya maneno. Ule mkono, alisema, hausikii watu wote, unasikia sauti yangu peke yake, kwa hiyo mimi ndiye bwana wake. Akaniuliza, ukitaka uendelee unasemaje? Nikamwambia, bado. Akaandika. Na ukitaka usimame? Nikamweleza kwamba sisi hatusemi kitu, tunakilaza kifudifudi. Akacheka, kicheko kizuri cha mtoto wa watu, akasema roboti haiwezi kuona kitambaa changu, lazima liwepo neno, na neno la watu wote ni imekwisha. Nikamwambia neno hilo halitoki kinywani mwangu.

"Si lazima litoke leo," alisema. "Sauti yako roboti imeshaijua. Siku utakapolisema, italijua."

Na mimi, mpumbavu mwenye mvi, sikumwambia. Nilimweleza kuhusu kulaza kifudifudi lakini sikumwambia kwamba tunapokilaza tunasema bado. Sikuficha. Haikunijia. Jambo unalolijua sana hulisemi. Nani hukumbuka kumweleza mtu kwamba anapotembea hubadilisha miguu? Mazoea yana taabu, walisema wazee, na mimi niliijua methali hiyo tangu nikiwa na meno ya utotoni.

Nilikuwa nani siku zile? Nilikwenda kazini kukaa. Nilikaa nikitazama nikifanya kazi. Nikirudi nyumbani Biubwa ananiuliza, umeshindaje? Namwambia nimechoka. Nimechoka na nini? Huko nimesugua mabirika mia mbili. Nani kasugua? Mimi. Na huyu aliyekaa hapa mikono yake baridi? Sijui. Niliitazama mikono yangu ikashindwa kunikumbuka. Kama kazi yangu inafanyika bila mimi, basi labda hata mimi nilikuwa nafanyika bila mimi, miaka yote hiyo.

Ikafika Siku ya Mng'aro, ile ya kusafishwa bamba kila mwaka, asubuhi, jua kali, watu wamejaa kiwandani mpaka uani. Bamba lilikuwa limelazwa juu ya meza ndefu mbele ya ule mkono. Nilipoliona pale nilitaharuki, nikamwendea afisa wa Ghorofani, kijana aliyevaa suti ya kubana, nikamwambia bamba si kitu cha gurudumu, bamba ni la kitambaa na kidole. Akaniuliza kwa upole, si wewe uliyeufundisha? Nikasema ndiyo. Basi ni wewe, akasema, kuna tofauti gani? Nimekuwa nikilitafuta jibu la swali hilo tangu asubuhi ile. Kisha akakitazama kitufe chekundu ubavuni mwa roboti, akakunja uso, akasema nyekundu ile inatia watu wasiwasi, inaonyesha kana kwamba kuna hatari, na Mheshimiwa, mkubwa wao wa Ghorofani, yuko njiani. Kikafunguliwa skrubu nne, akakitia mfukoni. Nyamizi alipinga mpaka sauti ikamkauka. Akaambiwa umeme wenyewe unatoka Ghorofani, ufunguo uko huko, kama kuna tatizo atume barua.

Familia za wale kumi na saba zilikuwa mstari wa mbele. Bi Mize, mama yake Ngwali, mwenye jina la kwanza kabisa, alikuwa amekuja na kigoda chake kwa sababu ya magoti. Biubwa alisimama kando yangu, amenishika mkono wa kanzu. Hakuja kuzika mtu, alikuja kumtazama mwanawe kama anavyofanya kila mwaka. Mheshimiwa akateremka, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, ambaye hajapata kuuona uso wake isipokuwa kwenye vifuniko vya masufuria yake, na hakuna katika sisi anayelijua jina lake.

Nyamizi alikuwa ameufunga ule mkono kitambaa laini kuliko vyote na kuupa nguvu ndogo kuliko zote. Akaniashiria. Nikasema bado, ukaanza. Na sitaki kusema uongo: ulikwenda vizuri. Uliizunguka kila herufi kwa adabu, ukakohoa, ukagonga vumbi, ukaendelea. Ulipofika jina la tisa ukapunguza mwendo. Sikuwahi kuufundisha hilo. Kazi yote ya mafunzo tuliifanya kwenye mabirika, hakuna hata herufi moja iliyokuwepo, na bado ulipofika kwa Hatibu ukaenda polepole, kama mtu anayempitia aliyelala. Machozi yalinitoka mbele za watu. Nilimsamehe kila mtu wakati ule, nikamsamehe hata yule kijana wa suti. Ukamaliza jina la kumi na saba, ukainuka, ukangoja. Bamba liliwaka. Majina kumi na saba yalisimama mle ndani meusi, kila mmoja mahali pake, hakuna aliyeguswa.

Mheshimiwa akainama juu yake. Akageuza shingo huku, akageuza huku. Akasema kwa kuudhika kwamba anaona majina tu, sura yake haioni vizuri. Kisha akainuka, akanigeukia mbele ya watu wote, na kwa heshima kabisa akaniuliza:

"Fundi, imekwisha?"

Ilikuwa imekwisha. Sijapata kuona kazi iliyokwisha kama ile. Miaka arobaini ya Fundi Chande ikanipanda kifuani, nikaifungua mikono, nikavigeuza viganja chini kama mtu anayelaza sinia juu ya kitambaa, na kwa shukrani zote za moyo wangu nikasema:

"Bado."

Ule mkono ukashuka.

Nilijua kwa sauti kabla ya macho. Gurudumu liliimba sauti ya juu zaidi, ile ninayoitoa mimi ninapokandamiza. Safari hii haukuzunguka herufi. Kwake kazi ya kuzunguka ilikuwa imepita, sasa bwana wake amesema bado haijang'aa, basi kinachozuia mng'aro ni nini kama si zile alama? Ukaingia kwenye jina la kwanza ukalipita mara moja, mara mbili, na pale palipokuwa na Ngwali pakawa na shaba safi. Bi Mize aliinuka kwenye kigoda chake bila kukumbuka magoti. Na mimi nikapiga kelele, nikapiga kelele ile ambayo yeyote katika sisi angepiga, unayompigia mtu anayetaka kumwaga maji uliyoyakoga nusu, anayetaka kufunga mlango hujapita: bado! Bado kwanza, bado! Ukakandamiza. Kila bado niliyoitoa niliipa ule mkono uzito mwingine. Nilikuwa nawatetea kwa neno lilelile lililokuwa linawafuta. Jina la pili likaenda. Uani watu wote walikuwa wakipiga ukelele huohuo, bado, bado, mji mzima, na nashukuru kwamba haukuwasikia wao. Ulinisikia mimi. La tatu nalo likaenda.

Nyamizi alinifikia akaniziba mdomo kwa kiganja chake, binti mdogo kama yule, akaniziba mdomo mimi. Alikuwa akilia. Akanisihi nisiseme tena bado, niseme lile neno jingine, moja tu, sasa hivi. Kisha akamkimbilia yule afisa, akamtia mkono mfukoni bila adabu, akakitoa kitufe, akabaki nacho mkononi hana pa kukifunga, nyaya zake zimekatika. Watu wawili waliurukia ule mkono wakaukumbatia. Uliwatupa pembeni bila kupunguza kazi. Nyamizi akampigia magoti Mheshimiwa, akamwomba atume mtu akazime umeme. Mheshimiwa alikuwa ameinama juu ya bamba, hapo juu ambapo palikuwa pametakata. Nilimwona akijishika shavu. Nilimwona akiligundua kovu lake dogo la chini ya jicho, kwa mara ya kwanza katika umri wake. Hakukasirika, hakufurahi kwa ubaya. Alishangaa tu, kwa dhati, mdomo wazi.

"Acheni," alisema. "Sasa najiona."

La nne. La tano.

Nilikuwa na neno. Nataka mjue kwamba nilikuwa nalo, lilikuwa limekaa juu ya ulimi, zima, herufi zake zote. Hakuna aliyenizuia ila mimi. Biubwa alikuwa bado ameushika mkono wa kanzu yangu, nikahisi uzito wa vidole vyake, vyepesi, na nikafikiri: nikilisema atalisikia. Nikilisema mbele ya jina la mwanawe nitakuwa nimemfungia mlango, mimi baba mtu, kwa sauti yangu, mchana kweupe, na yeye ataanguka hapa juu ya sakafu hii. Nikinyamaza jina litaondoka, na hata hivyo ataanguka. La sita likaenda, na nikasikia mwanamume mmoja nyuma yangu akitoa sauti ambayo sikujua kwamba mwanamume huitoa. Nilihesabu kifo cha Biubwa dhidi ya majina ya watoto wa watu. Ndivyo nilivyofanya, msinipambie. Nilisimama na dawa mdomoni nikawaacha watoto wa watu wafutwe kwa sababu nilimwogopa mke wangu asilie. La saba. Labda, nilijiambia, labda kabla ya la tisa umeme utakatika wenyewe. Labda mlima utainuka. Labda saa ileile itakuwa saa nyingine. La nane. Ukasogea kwenye H, ukaugusa mguu wake wa kwanza, na vumbi la njano likaruka likanipata usoni, likaniingia mdomoni. Nikamwonja mwanangu.

Nikasema, "Imekwisha."

Ukasimama hapohapo. Gurudumu likapunguza mwendo, likazunguka mara mbili tatu bila kugusa kitu, likatulia. Ule mkono ukajikunja ukarudi kifuani pake. Sijui kama mnajua kimya cha kiwanda kilivyo. Kwenye bamba palikuwa na nusu ya juu ya shaba tupu na uso wa Mheshimiwa ndani yake, na chini yake, akiwa wa kwanza sasa, Hatibu aliyevunjika mguu mmoja wa H, na wenzake wanane nyuma yake. Bi Mize akaja mpaka mezani. Akapiga magoti, akatandaza pindo la kanga yake sakafuni, akaanza kulizoa lile vumbi kwa viganja viwili, taratibu, asimwage. Akaja mwingine, na mwingine, mama saba, na baba mmoja ambaye hakuwa na kanga akavua kofia. Hawakujua vumbi lipi la nani. Waligawana.

Sikuthubutu kugeuka. Nikangoja uzito wa vidole vile uondoke kwenye kanzu yangu, nisikie mtu anaanguka. Haukuondoka.

"Umesema nini, baba Hatibu?"

Lugha yetu ina huruma, ilinifungulia mlango wa kutokea. Nimesema imekwisha, si amekwisha. Nimesema kazi, sikusema mtu. Herufi moja, na ningepita pale nikaenda nyumbani kwangu, na jioni sahani tatu. Nilifungua mdomo kulisema hilo. Nikawaona wale mama sakafuni.

"Amekwisha," nilimwambia. "Hatibu amekwisha, mama Hatibu. Alikwisha siku ileile mlima ulipokaa."

Nikageuka nimdake. Biubwa alikuwa amesimama wima kabisa. Aliutoa mkono wake kwenye kanzu yangu, akanipangusa vumbi mdomoni kwa ncha ya kanga, upande huu, na upande huu, kama anavyompangusa mtoto aliyemaliza kula.

"Siku watu walipokuja na pole ulikuwa nyuma yangu mlangoni," alisema. "Nilikusikia unavyopumua. Nikajua wakiingia, nitazika wawili." Akaikunja ile ncha ya kanga akaifunga fundo. "Mimi nilijua siku ileile. Wewe ndiye uliyekuwa bado."